Nilificha Mafaili Ili Nionekane wa Maana

Nimekosa, na sitafuti mtu wa kunisaidia kubeba kosa hili. Hakuna aliyenituma. Hakuna aliyenihonga hata kikombe cha chai. Ni roho yangu tu, hii roho ya kupenda kuonekana!

Nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha mafaili cha ofisi moja inayoshughulikia mashamba, hapa upande wa Nyeri. Ofisi sitaitaja. Mafaili yalijaa hadi darini, na mpangilio wake ulikuwa kichwani mwangu peke yangu. Mtu akitoka Tetu au Kagio kutafuta karatasi za shamba, lazima apitie kwangu. Wazee walionizidi umri walinivulia kofia. Hata mkubwa wetu alinibembeleza, "Baba Shiro, hebu nitafutie hiyo faili, tafadhali."

Nilizoea. Jamani, nilizoea vibaya!

Kisha serikali ikasema mambo yabadilike. Kila faili ipewe nambari mpya, kila karatasi ipigwe picha iingie kwenye kompyuta, mwananchi ahudumiwe dirishani bila kuzungushwa. Akaletwa msichana kutoka Meru kusimamia kazi hiyo. Nitamwita Makena, ingawa si jina lake. Alikuwa rika la binti yangu, na heshima zake kamili. Siku ya kwanza alinisalimu kwa mikono miwili.

"Mzee, hii kazi siwezi bila wewe," akasema. "Wewe ndio unajua hizi vitu."

Nikacheka naye. Moyoni nikasema, huyu amekuja kunizika nikiwa hai.

Basi Makena akitoka kwenda kula mchana, nilichomoa mafaili ambayo alishayapa nambari lakini hajayapiga picha. Niliyatia ndani ya makatoni ya makaratasi makuukuu, nyuma ya kabati. Mwananchi akija, kompyuta inasema faili ipo. Rafuni haipo! Watu wananung'unika, mkubwa ananiita. Mimi naingia, nazunguka kidogo, natoka nayo nikiipangusa vumbi.

"Ati kompyuta!" nasema, na watu kwenye foleni wanacheka.

Makena alikuwa akiniangalia tu, amechanganyikiwa. Siku nyingine machozi yalimlengalenga. Na mimi nilikwenda nyumbani nikipiga mluzi. Aibu gani hii!

Halafu akaja Mama Nyaguthii, mjane kutoka Tetu. Shemeji yake alikuwa amemshtaki, akidai kwamba marehemu alimuuzia shamba lao la majani chai kabla ya kufa. Ndani ya faili yetu kulikuwa na barua ya marehemu, yenye sahihi yake, akizuia shamba lisiuzwe bila mkewe kujua. Mama alijua ipo, kwa sababu waliileta pamoja. Mimi pia nilijua. Ilikuwa kwenye katoni langu.

Ningemtolea kama kawaida yangu. Lakini asubuhi hiyo wakaguzi walikuwa wamefika kuuliza kwa nini mafaili yanapotea, nao walikuwa wamesimama palepale ndani. Nikienda nyuma ya kabati, wataona makatoni yote.

"Umeiona, Baba?" Mama Nyaguthii akauliza. "Korti ni kesho."

"Hapana, mama. Tangu hii mambo ya kompyuta ianze, faili zinapotea tu."

Nilisema hivyo nikimtazama Makena. Mkaguzi mmoja akaandika.

Wakaguzi walipoondoka ningeweza kumkimbilia na ile barua. Lakini ningesema nimeitoa wapi? Nikaiacha palepale katonini.

Kazi ya kompyuta ikasimamishwa. Makena akahamishwa mbali, na barua ya lawama juu yake. Mama Nyaguthii alishindwa kesi. Haya ya mama niliyasikia kwa mke wangu, alipotoka kanisani.

"Yule mama wa Tetu ametolewa kwake," aliniambia. "Ng'ombe wake alikuwa anakataa kutoka kwa boma, wakamvuta na kamba. Mungu amwone huyo mtu alipoteza faili!"

Niliisukuma kando sahani yangu ya githeri.

Kesho yake nilimpelekea mkubwa wetu yale makatoni, moja baada ya jingine, nikamweleza yote. Alifungua moja, akatazama ndani.

"Kwa nini, Baba Shiro?"

Nilisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na hilo silalamikii.

Mama Nyaguthii nilimfuata Wang'uru, alikohifadhiwa na dada yake. Nilimkuta uani akipeta mchele. Nikamwambia faili imepatikana, na wakili anaweza kuomba kesi isikizwe upya. Akaweka ungo chini, akanishika mikono yote miwili, akaanza kuniombea baraka. Mimi, na watoto wangu! Alidhani nimekuwa nikimtafutia siku zote hizo.

Ilibidi nimkatize. Nikamwambia ukweli.

Mikono yake ikaniachia polepole.

"Hiyo siku nikikuuliza, ulikuwa unajua iko wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilikuonea huruma, nikasema mzee wa watu amehangaika." Akauchukua ungo wake, akanipa mgongo. Hakunitukana. Heri angenitukana!

Makena nilimpigia simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mzee," akakata. Kesi ya mama ikiitwa nitasimama kizimbani niseme hayahaya mbele ya majirani. Kama shamba litarudi, sijui.

Wewe uliyepewa ufunguo wa kabati la umma, nisikie. Tukiona mambo mazuri ya serikali yanakufa, huwa tunalaumu wakubwa. Mengine tunayaua sisi wadogo, mchana kweupe, kwa sababu tunaogopa kutohitajika. Mfundishe mwenzako kazi unayoijua. Mwenye haki yake akija, mpe aende zake, hata kama hatakumbuka jina lako.