Kambi Lewa na Kibao Kilichoficha Nyumba

Kambi Lewa alikuwa fundi wa vibao, na kiburi chake kilikuwa kipana kuliko kibao chochote alichowahi kuandika. Kazi aliianzia kwao Kaloleni, kuandika majina kwenye misalaba ya makaburi, na hakuacha kuwakumbusha watu kwamba katika wateja wake wa mwanzo hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Aliposhuka Malindi alikuta maduka na mikahawa, na wenyewe wote wanataka herufi za madoido. Hapo ndipo alipojipatia jina. Mkia wa R yake uliweza kuzunguka ukuta mzima ukarudi kuulizia hali.

Basi mwaka wa themanini na nne, Bi Mahfudha wa mtaa wa Shela akatuma aitiwe. Huyu alikuwa mjane wa baharia mmoja, marehemu Saad, na nyumba aliyoachiwa alikuwa ameifanya lojing'i, nyumba ya wageni ya vyumba sita. Kibao chake kilikuwa kazi ya Kambi mwenyewe: LOJING'I NURULHUDA, kijani na dhahabu, na kwa vile chini palibaki nafasi, Kambi alipachomeka feni, chai, chapati, maji baridi, usalama, heshima na amani. Kwa maoni yake, Pwani nzima haikuwa na kibao kizuri kama kile.

"Shikamoo, Bi Mahfudha."

"Marahaba. Keti. Kibao chako kitaniua na njaa."

"Kibao kile?"

"Vyumba sita, fundi, na mwezi mzima nimepata mgeni mmoja. Naye alikuwa akimtafuta daktari wa meno."

Kisha akamweleza yaliyomkaa rohoni. Shemeji yake Abdillahi, ndugu wa marehemu, aliyekuwa Mombasa, alikuwa na fungu lake katika nyumba ile, na sasa amempata Mtaliano wa kuinunua. Amempa Bi Mahfudha mpaka Maulidi ya Mambrui, wakati wageni wanapofurika mpaka Malindi. Vyumba vikijaa, nyumba ataachiwa. Visipojaa, inauzwa. Maulidi yenyewe yalikuwa yamebakisha siku kumi.

"Niliingia humu bibi harusi," akasema. "Nataka kutoka kwa jeneza, si kwa mkokoteni na magodoro juu."

Kambi akasema labda herufi zinataka kukuzwa. Bi Mahfudha akamwangalia tu, na Kambi akaaga akinung'unika kwamba watu wa mji huu hawajui kazi nzuri.

Lakini neno lile la mkokoteni lilimkaa. Kesho yake asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike brashi: alichukua begi, akaenda stendi ya mabasi, akajifanya mgeni. Wa kwanza kumuuliza alikuwa mchukuzi wa mkokoteni, ambaye hakumjua Kambi.

"Nurulhuda? Si ile madrasa? Nenda moja kwa moja, utasikia watoto."

Kambi akaenda, maana mgeni angekwenda. Watoto aliwasikia kweli. Mwalimu akampokea kwa furaha kubwa, akidhani Mgiriama huyu amekuja kusilimu, na ilimgharimu Kambi vikombe viwili vya chai kujinasua kwa adabu.

Akafuata mshale wake mwenyewe aliouchora pembeni mwa barabara. Mshale ukampeleka kwenye mlango ambao Bi Mahfudha aliuziba zamani alipojenga banda la kuku. Akazunguka akaona kibao cha pili, nacho alikiandika yeye, akaingia kwa kujiamini na kutokea jikoni, uso kwa uso na beberu. Beberu hakumkaribisha. Kambi akatoka mbio huku akijitukana kwa Kigiriama, na alistahili kila neno.

Alirudi stendi akiwa hoi, akaketi kwa Faki muuza kahawa na kumuuliza Nurulhuda. Faki akatikisa kichwa.

"Kumbe hata wewe huijui lojing'i ya yule mjane," akamlaumu. "Vyumba sita. Mumewe alikuwa baharia."

"Aa," akasema Faki. "Si useme kwa Choo cha Mnyororo."

Kambi akajipiga kofi kwenye paji la uso. Yeye mwenyewe, miaka tisa yote Malindi, alikuwa akiiita hivyo hivyo. Saad ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kuleta choo cha kuvuta, tangi juu na mnyororo wenye mkono wa mbao, na watu wazima walikuwa wakitoka mitaa mingine kuja kuuvuta tu wasikie maji. Saad akisimama uani akiwapanga: "Mmoja mmoja, jamani, maji hayajakimbia." Mji mzima uliijua nyumba ile kwa jina hilo. Ila ulipofika wakati wa kuandika, ikaonekana mtu mstaarabu haandiki anachosema, anaandika kitu cha heshima. Hivyo ndivyo nyumba inayojulikana kuliko zote ilivyofichwa nyuma ya dhahabu ya Kambi Lewa.

Bi Mahfudha alipoambiwa, alisimama.

"Uniandikie choo mlangoni? Watu wanakuja kumswalia Mtume, uwaambie wakalale chooni?"

"Bi, mgeni akiuliza ataulizia jina alilolisikia kwa watu. Lile tunalolipenda mimi na wewe halijui."

"Walimcheka mume wangu miaka ishirini kwa choo kile."

"Walimcheka," akasema Kambi, "huku wakiwa foleni."

Bi Mahfudha akageuka. Macho yake yalikwenda uani, kwenye kile kijumba chenye tangi.

"Neno hilo haliandikwi kwangu," akasema mwisho.

"Sitaliandika."

Na kweli hakuliandika. Aling'oa kibao cha jikoni, akafuta mshale wa banda la kuku na kuchora mwingine unaofika mlangoni. Feni, chapati na heshima alizikwangua zote, na amani akaikwangua ya mwisho, polepole. Jina la Nurulhuda akaliandika chini, dogo, bila mkia hata mmoja. Juu yake akachora mnyororo mrefu wenye mkono wa mbao. Kisha akaenda kwa Faki na wachukuzi, akawaambia: "Mgeni akiwauliza pa kulala, mwambieni afuate mnyororo." Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na kufika alasiri mji mzima ulikuwa na habari.

Wageni wa kwanza walitoka Takaungu, familia nzima. Wakafuata wa Kipini. Wengine walikuja kuuona mnyororo tu, wakaona haya kuondoka bila kuchukua chumba. Siku mbili kabla ya Maulidi, mikeka ilikuwa mpaka ukumbini.

Siku hiyo ndiyo aliyofika Abdillahi na Mtaliano wake mwenye viatu vyeupe. Kambi alikuwa juu ya ngazi, akikazia rangi. Abdillahi alitaka kumwonyesha mnunuzi vyumba, na kila mlango alioufungua ulimpigia kelele. Mwisho akataka choo. Akakuta foleni, akajipanga nyuma ya bibi kizee mmoja, na pale kivulini Bi Mahfudha akawa anapepea jiko na kuwaambia watu, bila kuinua kichwa, "Mmoja mmoja, jamani, maji hayajakimbia."

Abdillahi akageuka kama aliyeitwa. Zamu yake ilipofika akaingia, mnyororo ukalia, maji yakashuka kwa kishindo kile kile. Alikawia kutoka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, wala hakujaribu kuyaficha.

"Basi? Tunauziana?" akauliza Mtaliano.

"Haiuzwi."

"Kwa nini?"

"Imejaa," akasema Abdillahi.

Bi Mahfudha akajifuta uso kwa ncha ya leso. Kisha akainua kichwa kuangalia ngazini, akamwambia Kambi kwamba ule mkono wa mbao ameuchora umepinda, Saad aliufunga ukiwa wima, na ashuke aje aone mwenyewe.