Kahawa ya Dirishani na Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Birika linaanza kukoroma. Nje ya dirisha la jikoni wameshajipanga watu wanne, kila mmoja na kikombe chake, na hakuna anayesalimia. Kabla ya kahawa, hawa si watu wa kusemeshwa.

"Linakuja," anasema mwanamke aliye ndani, bila kugeuza shingo.

Ameacha mfuniko wazi ili aone. Kahawa inapanda kwenye kibomba cha katikati na kuchuruzika taratibu, nyeusi kwanza, halafu rangi ya udongo mwekundu, halafu povu jepesi. Mkoromo unapoanza kukwaruza, analinyanyua birika kutoka motoni na kulikalisha juu ya kitambaa kilicholowa maji baridi. Linanyamaza papo hapo, kama mtoto aliyepewa titi.

"Ukichelewa hapo, linakutapikia uchungu," anaeleza. "Na mteja akishakunja uso asubuhi, ameukunja mpaka jioni."

Vikombe vinapita kati ya nondo za dirisha. Mlinzi anayetoka zamu anachungulia chake kwa masikitiko.

"Dada Ghorofa, leo umenipunja."

"Kaka, kahawa ni ile ile. Kikombe ndicho kimekua. Jana hukuja na ndoo hii."

Foleni inacheka. Sasa ni watu.

Jina la Dada Ghorofa limetokana na chombo chake cha kazi. Ni birika dogo la alumini lenye vyumba vitatu, kimoja juu ya kingine. Maji yanakaa chini, kahawa iliyosagwa inakaa katikati kwenye kikombe chenye matundu, na mvuke ukishika nguvu unayasukuma maji yapite kwenye kahawa mpaka chumba cha juu. Yeye ana maelezo mafupi zaidi.

"Chini maji, katikati kahawa, juu ada ya shule."

Kinachomchekesha ni kwamba anaitwa Ghorofa na anaishi chini kabisa ya jengo, jikoni kwake kukitazama ua wenye kamba za nguo. Lakini ua huo ndio njia ya mkato ya kwenda kituo cha basi, na hapo ndipo bahati yake ilipo. Siku njema anauza vikombe arobaini kabla jua halijachangamka. Siku ya mvua watu wanapita mbio wamejifunika magazeti, naye anabaki kunywa mtaji.

Hii ni Ijumaa. Kesho huenda dirisha hili likafungwa, na kila aliye kwenye foleni anajua.

"Mama mwenye nyumba anakuja kuamua," anasema Dada Ghorofa, akigonga machicha ya kahawa kwenye kopo. "Akisema basi, ni basi. Nyumba ni yake, dirisha ni lake, hata hewa ninayopulizia jiko labda ni yake."

Anasema akicheka, ila mikono haichezi. Mumewe ni mpaka rangi, na kazi ya rangi inakuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Watoto wawili wanasoma kwa vikombe hivi.

Birika lenyewe alilipata kwa mwajiri. Kabla ya dirisha alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya wazee wawili, mke na mume, waliokuwa hawagusani wala kusemezana mpaka wapate kahawa yao. Walipohama walimwachia mapazia na birika. Mapazia yalichanika. Birika likakaa kabatini, likitunza vifungo vya mashati, mpaka siku kazi za usafi zilipokatika kabisa.

"Nikalitazama, likanitazama," anakumbuka. "Nikamwaga vifungo."

Alijifunza kwa kuharibu. Mara ya kwanza alitia maji ya baridi na moto mkali, akapata kitu chenye ladha ya msumari. Mara ya pili alisahau kabisa kutia maji, na mpira wa katikati ukaungua, nyumba nzima ikanuka gereji. Leo anatia maji yaliyokwisha kupata moto, yasifike kwenye kitundu cha pembeni cha kupumulia. Kahawa anaisaga mwenyewe kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, isiwe vumbi wala chenga, iwe kama chumvi ya mezani. Anaijaza bila kuigandamiza. Moto unakuwa mdogo, wa kubembeleza.

Wapo wanaombishia. Dereva mmoja wa gari la mikate, aliyewahi kufanya kazi hotelini, hachoki kutangaza kwamba hii si espreso.

"Espreso ya kweli inatoka kwenye mashine kubwa kama friji," anasema, huku akisogeza kikombe chake.

"Basi kanywe friji, shemeji," anajibiwa. "Hapa unazuia foleni."

Anakunywa. Kila siku anakunywa.

Balaa lilianza na mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye sauti inayovuka barabara, aliyehamia kwao mwanzoni mwa mwaka baada ya miguu kumkatalia kusimama kutwa. Maisha yake yote aliuza unga sokoni. Asubuhi moja Dada Ghorofa aliwahi shuleni, alikoitwa na mwalimu, na bibi akaona wateja wanasubiri.

"Nikasema, hivi hawa waondoke mikono mitupu na mimi nimekaa? Mimi?" anasimulia bibi.

Alikuwa ameangalia inavyopikwa, na alifuata kila hatua. Ila alipofika kwenye kujaza kahawa, ikaingia kazi ya sokoni. Kwake kopo lililojazwa bila kushindiliwa ni kopo la mwizi. Muuzaji mwaminifu anajaza, anagonga, anashindilia kwa kidole gumba, ndipo anaongeza kilemba juu. Bibi akawatendea haki wateja wa mkwewe. Akaishindilia kahawa mpaka ikawa tofali.

Maji yakakosa pa kupita. Mvuke ukatafuta njia, ukaipata kwenye kile kitundu cha pembeni kilichowekwa kwa kazi hiyo hiyo, nao ukatoka kwa mluzi uliowaamsha hata wa ghorofa ya tatu. Bibi hakuungua. Alichofanya, kwa kiwewe, ni kulikamata birika kwa kanga na kulitupa nje ya dirisha, pale ambapo zamani nondo moja ilikatika. Likafunguka hewani. Nje kwenye kamba yalikuwa yakipepea mashuka meupe ya mama mwenye nyumba, manne, yamefuliwa asubuhi ile ile.

"Yakawa ya chui," anasema mlinzi, aliyeshuhudia.

Dada Ghorofa aliyafua mara tatu, akaomba radhi mara zisizo na idadi. Mama mwenye nyumba alikubali mashuka. Hakukubali birika.

"Wewe nakuamini," alimwambia. "Huyo bibi ndiye simwamini. Siku ukitoka atalishika tena, atatulipua sote. Lifungie kabatini, ufunguo utembee nao. La sivyo funga dirisha."

Hapo angeweza kusema ndiyo na mambo yakaisha. Hakusema.

"Nimfungie mama wa watu kabati kama mtoto mdokozi wa sukari? Ndani ya nyumba ya mwanawe?" anauliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hatanii. "Nikamwambia, mama, njoo Jumamosi. Atapika yeye mwenyewe mbele ya macho yako. Ukiona hatari, nitafunga."

Wiki nzima yamekuwa ni mazoezi. Mkwe anaelekeza, mama anapika, na mpaka rangi ndiye anayenywa matokeo. "Mume wangu hasinzii siku hizi," anasema Dada Ghorofa. "Juzi alimaliza ukuta wake akaanza wa jirani."

Tatizo ni lile lile. Bibi anajua kila kitu, ila kidole gumba hakijui. Hata jana jioni kilishuka chenyewe, akakikuta kwenye kahawa.

Jumamosi saa nne, mama mwenye nyumba anapiga hodi. Amevaa viatu vya kukimbilia. Anakaribishwa kiti, anashukuru, anabaki amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, mkoba kifuani.

"Nitaonea hapa hapa," anasema. "Pana hewa."

Bibi ananawa mikono. Anatia maji ya moto, anainama kuhakikisha hayajafika kwenye kitundu. Anachota kahawa, kijiko baada ya kijiko, mpaka inafika ukingoni. Anapitisha mgongo wa kisu kusawazisha. Kahawa imekaa laini, imelegea, na kwa macho ya mtu wa sokoni ni dhuluma tupu.

Kidole gumba kinanyanyuka.

Dada Ghorofa, aliyeegemea ukuta, anauma mdomo. Walikubaliana asiseme.

Kidole kinaning'inia juu ya kahawa. Kisha bibi anavuta kigoda, anauweka mkono wa kulia juu yake, na kuukalia.

"Kaa hapo," anauambia mkono wake.

Mama mwenye nyumba anacheka kabla hajajizuia. Bibi anafunga birika kwa mkono wa kushoto, mkwewe akimshikia chini tu, na kuwasha moto mdogo. Mkono wa kulia unabaki kizuizini mpaka jiko limewaka.

Dakika zinapita. Birika linakohoa.

"Limeanza!" Mama mwenye nyumba sasa ana miguu yote miwili nje.

"Tulia, mwanangu," anasema bibi. "Linaomba kutolewa tu."

Analitoa, analikalisha kwenye kitambaa. Linanyamaza. Anamimina kikombe na kukipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akivuta miguu, bila kumwaga tone.

Mama mwenye nyumba anaonja. Anaonja tena.

"Kwani siku ile ilikuwa nini hasa?" anauliza.

"Niliishindilia," anajibu bibi. "Niliona nikiwapa hivi hivi nimewaibia. Maisha yangu yote sijampa mtu kopo lenye hewa."

"Kumbe!" Mama mwenye nyumba anatikisa kichwa. "Miaka yote nanunua unga, sijawahi kushindiliwa hata mara moja. Mmoja alikuwepo wa hivyo, halafu amekuja kushindilia kahawa, na mashuka yangu ndiyo yakalipa."

Anaingia. Anakaa kwenye kiti. Anamaliza kikombe.

Dirisha litabaki. Masharti ni mawili: siku ya kufua, mashuka yake yataanikwa kamba ya mbali, na kila asubuhi atapata kikombe cha bure.

"Cha kwanza tu, mama," anasema Dada Ghorofa. "Cha pili unapanga foleni kama mlinzi."

"Una mdomo wewe."

"Ndio unaouza, mama."

Na kwa kuwa mgeni ameshakaa na hana haraka, Dada Ghorofa anajaribu bahati. Pale getini kuna chumba kilichojaa milango mibovu na makopo makavu ya rangi. Kingesafishwa, kikapakwa rangi, na mpaka rangi wa bure yupo humu humu ndani, kingetosha meza moja na mabenchi mawili. Anatafuta pia birika kubwa, la vikombe kumi na viwili, maana hili la sasa linatoa sita tu kila mkupuo na watu wanachelewa mabasi.

"Tusiende mbio," anasema mama mwenye nyumba, akiinuka. Lakini akitoka anapitia getini, anasukuma mlango wa kile chumba, na kuchungulia ndani kwa muda.

Jikoni, bibi anasuuza vikombe.

"Chumba kikipatikana, mimi nitakaa mlangoni," anatangaza.

"Ufanye nini huko, mama?"

"Nipokee watu. Sokoni nimewapokea wote wakiwa wamesimama juani, na mimi nimesimama. Safari hii nataka mtu aje nimwambie, karibu, vuta benchi ukae."