Kibuyu cha Kwanza cha Maji ya Ndizi

Juzi vijana fulani walipita mtoni kwetu, hapa Butembo, wakitafuta mahali pa kale ili pasisahaulike. Mto wenyewe ni mfupi: ukiondoka kwenye chemchemi asubuhi, jua halijawa kali umeshafika unapoishia bondeni. Walipouliza nani anajua habari zake, mtaa mzima ukawaelekeza kwa mama mmoja mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto. Si kwangu, mimi niliyezaliwa hapa! Keti basi, rafiki yangu, nikueleze kwa nini siku hiyo chakula hakikupita kooni.

Juu kabisa palikuwa na tanuru la wahunzi wa zamani, limebaki udongo mwekundu na mavi ya chuma. Katikati, mahali walipochomea matofali ya kanisa letu. Na chini, jiwe la Mukaka, ndivyo tulivyomwita nyanya yangu: mwamba wenye shimo pana, lililolika kwa nyayo za wanawake wa ukoo wetu waliokamulia ndizi hapo. Tuliivisha ndizi ardhini, tukazimenya, kisha mimi nikazikanyaga pamoja na majani makavu mpaka povu linipande vifundoni. Kabla Mukaka hajatia unga wa mtama ili maji ya ndizi yawe kasiksi, pombe ya wakubwa, alichota kibuyu cha kwanza, kitamu mno, akampa aliyekanyaga. Ndiyo desturi. Mwaka wa uhuru mwalimu alituambia kila kitu sasa ni chetu. Mimi nikawaza kibuyu changu tu.

Kisha uasi ukaingia pande za Beni. Familia moja ya Waislamu, wachuuzi wa Mbau, ikatukimbilia na binti wa rika langu. Siku ya kukamua nilikanyaga kama kawaida, nikanyoosha mikono. Mukaka akanipita.

“Mugeni anywe wa kwanza,” akasema. “Kasiksi haiko yake. Sisi tutabakia na yetu.”

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona. Yule binti alikunywa taratibu, akajipangusa mdomo, akamwita nyanya yangu “Mukaka” kana kwamba alizaliwa nyumbani mwetu. Tangu siku hiyo kibuyu kikawa chake.

Vita viliposogea, baba akanipeleka kwa shangazi, kule milimani Masereka, kwenye baridi na viazi. Wageni hawakuwa na pa kwenda, wakabaki na Mukaka, aliyekataa kuliacha jiwe lake. Niliporudi, alikuwa ameshazikwa.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nimeshiriki miaka yote hii, na unaniona nilivyonona! Lakini juzi nilivuka daraja nikamkabili yule mama, maana ndiye yule binti wa kibuyu. Nilimuuliza Mukaka alimwachia nini.

“Mais, lakini dada, hakuniachia kitu,” akajibu. “Macho yake ilikuwa imekwisha, haioni tena. Kila asubui anaita jina yako, anasema kuja unywe. Basi mimi naitika: niko, Mukaka. Ananipa kibuyu, nakunywa. Ningefanya je?”

Pale penye jiwe sasa pamemwagwa saruji, na mto umebanwa kwenye mfereji ambamo hata bata hageuki. Hayo nimeyazoea. Ila niliitwa kila asubuhi, na kwa jina langu, nami nilikuwa Masereka nikimenya viazi.