Picha Ishirini za Naftaly

Saa moja asubuhi, mtaa wa Free Area, Nakuru, miaka michache baada ya uhuru. Naftaly Kang'ethe amepiga magoti mbele ya bunda la karatasi. Anainua pembe ya karatasi ya juu kwa ukucha. Haitoki. Anavuta kidogo, anasikia inachanika, anaiachia upesi kama aliyeungua.

Saa tatu anatakiwa ukumbini mjini, kwenye maonyesho makubwa ya kwanza ya wachoraji wa hadithi za picha. Wachoraji arobaini wanakuja, wengine kutoka Nairobi na Kisumu. Sharti ni moja: asiyefika na picha ishirini za kuuza, meza yake anapewa mwingine.

"Jana nilikuwa na ishirini na mbili," anasema bila kuinua uso. "Leo nina tofali."

Naftaly, mwenye umri wa miaka 31, ni mchora mabango. Bango la duka au la kinyozi humpa shilingi kumi na tano, na kuna wiki ambazo halipatikani hata moja. Jumapili huchora visa vya Cheptoo, msichana anayeendesha trekta kwenye shamba la Ndabibi lililoachwa na mzungu. Kila karatasi ni kisa kizima.

"Watu huja hapa mlangoni, wanasoma, wanacheka, wanaenda," anasema. "Sijawahi kuuza hata moja."

Kosa lake ni la mchora mabango. Alitumia rangi ile ile ya mafuta anayopaka kwenye bati, ambayo jua la siku moja huikausha. Juu ya karatasi, katika baridi hii ya Julai, rangi ilikauka juu tu, ndani ikabaki mbichi. Kisha akazipanga na kuzikandamiza kwa debe ili zisijikunje. Zikagandana.

"Nilimwambia atumie wino," anasema mkewe, Wachuka. "Akaniambia wino ni wa makarani."

Jirani yao Pushpa, anayetengeneza papadi za kuuza, zile chapati kavu nyembamba za dengu, anaingia na kutazama. Hasemi pole. Anatoka, anarudi na uzi wa cherehani aliouchovya kwenye mafuta ya taa.

"Wacha kuvuta, Naftaly. Hii si ng'ombe," anasema. "Papadi zangu zikishikana, nafanya hivi, ila kwa mafuta ya kula."

Anaupitisha uzi kati ya karatasi mbili, anausogeza huku na huku, polepole. Karatasi ya kwanza inatoka. Anga ina madoa meupe, lakini trekta ni nzima.

Saa moja na nusu zimetoka tisa. Mbili zinazofuata zinaharibika: kichwa cha Cheptoo kimebaki mgongoni mwa karatasi nyingine. Naftaly anaziweka kando. Sasa hakuna ya kupoteza tena.

Saa mbili zimebaki mbili, zimeshikana uso kwa uso. Uzi unakatika katikati.

"Basi," Naftaly anasema.

"Basi nini? Shika hapo," Wachuka anamjibu.

Pushpa anachovya uzi mwingine, anaingilia upande wa pili. Karatasi zinaachana kwa mlio mdogo.

Moja iko salama. Kwenye nyingine maneno yote yamebanduka. Cheptoo amefungua mdomo, hasemi kitu.

Naftaly anaiweka pamoja na zilizo nzima. "Ni picha bado," anasema. "Hii nitamsimulia mnunuzi mwenyewe."

Hawathubutu kuzipanga tena. Wachuka anazibana kwa vibanio kwenye kamba ya nguo, wanashika ncha mbili na kutoka barabarani, yeye mbele, mumewe nyuma, picha ishirini zikipepea katikati yao. Ni mwendo wa dakika arobaini.

"Sitaki mengi," Naftaly anasema, macho kwenye kamba. "Mtu mmoja nisiyemjua amchukue Cheptoo, akamtundike kwake. Kesho yake nitaanza kisa kingine."