Visu Alivyovikaza Mjomba

Kuna siku moja ambayo ningelipa ili niisahau, mwanangu, na ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Nilipanda kutoka Masasi kwenda Mnyambe nimekaa kiti cha mbele cha gari, saa mpya mkononi, nimemchukulia mjomba wangu kanzu na sukari. Nilikuwa naenda kuchukua visu vya msimu. Sikukuta hata kimoja cha kuuza.

Lakini acha nianze nyuma kidogo, maana mjomba hukumkuta. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako visu viwili vya kukunja. Kimoja cha Ulaya, bei ya mbuzi watano. Kingine cha China, ukikitazama ni kilekile, bei yake kuku. Ukaniambia, "Baba, kwa nini tujichoshe kupuliza moto kwa vukuto? Tupeleke mfano wa kisu chetu huko, wakitengeneze, kikirudi tukiuze kwa jina letu." Nikanyamaza. Ukadhani masikio yamezeeka, ukarudia kwa sauti kubwa mpaka mama yako akacheka. Nilisikia tangu mara ya kwanza, mwanangu. Ni aibu tu iliyonifunga mdomo, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasema mimi.

Mjomba Saidi, kaka yake bibi yako, alikuwa mhunzi wa visu vya kukunja, na unajua kwetu mjomba ana neno juu yako kuliko hata baba aliyekuzaa. Bapa la kisu alilifua kutoka springi za malori mabovu. Mpini aliuchonga kwa mpingo. Mkaa alinunua, na hata maji ya kunolea yalipanda kutoka bondeni kwa vichwa vya wanawake, naye aliyalipia kama mtu mwingine yeyote wa huku juu. Lakini kilichomla muda ni kiungo, pale bapa linapokutana na mpini. Angeweza kushinda kutwa nzima na kiungo kimoja, anakunja, anakunjua, anasikiliza, anapiga tupa kidogo, anakunja tena. Mimi kijana nilikuwa naona anacheza.

Wanunuzi wake wakubwa walikuwa wabebeshaji wa mikorosho, wale wanaochukua kikonyo cha mkorosho unaozaa vizuri wakakiunganisha kwenye mche mchanga. Kazi ile inataka mkato mmoja, ulionyooka, usiochanika. Bapa likicheza kwenye kiungo, mkato unapinda, kikonyo kinakauka, na mwaka wa mtu umekwenda. Ndiyo maana mtu alikubali kutoa kwa kisu cha mjomba pesa ambayo dukani ingempa visu vingi.

Karibu na kiungo mjomba alipiga vitone vitatu. Hiyo ndiyo alama yake. Kisu chenye vitone hivyo kikilegea, hata baada ya miaka mingapi, unakipeleka Mnyambe anakikaza na kukinoa bila kudai hata shilingi. Ukimuuliza kwa nini, anasema, "Alishanilipa siku ile aliyonunua." Mimi hesabu hiyo sikuielewa. Niliona kazi ya bure tu, tena nikamcheka.

Kazi yangu ilikuwa kuuza. Nilikuwa na meza sokoni Masasi, na nilikuwa na mdomo, mtu mzima aweza kunipita akiwa hana haja ya kisu akaondoka nacho. Tatizo visu vilikuwa vichache. Wakulima wanapolipwa korosho zao ndipo pesa inapotembea, na pesa ile haisubiri fundi anayesikiliza kiungo. Nikawa naumia rohoni kila mteja anapoondoka mikono mitupu. Nikapanda basi mpaka Dar es Salaam, Kariakoo, kwa mama mmoja aliyekuwa akienda China kuchukua mizigo.

Yule mama alikuwa mkweli, sitamsingizia. Aliagiza sampuli kwa mfano niliompa, zilipofika akazipanga mezani tatu. Ya kwanza nilipoikunja niliona ni karibu sawa na kisu cha mjomba.

"Kaka, wale watu wanatengeneza unachokilipia," akaniambia. "Ukitaka hiki wanaweza, tena wanaweza sana. Ila chuma hiki na kiungo hiki vina bei yake hata kule. Ongeza meli, ongeza ushuru, na mzigo mdogo hawaupokei."

Tukapiga hesabu. Kile kizuri kikifika Masasi kingekuwa chini ya bei ya mjomba kwa kitu kidogo sana, na ningetakiwa kununua vingi kuliko uwezo wangu. Nikaweka kile cha kwanza chini. Nikaweka cha pili chini. Nikashika cha tatu, chepesi, kinachong'aa kuliko wenzake.

"Na alama?" nikamuuliza.

"Alama wanapiga yoyote. Sema unayotaka."

Nikamchorea vitone vitatu. Mkono haukunitetemeka, mwanangu. Mara nyingi watu wakisimulia makosa yao husema mkono ulitetemeka. Wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Mzigo ulipofika niliuuza kwa msimu mmoja. Na sikushusha bei. Hilo nalo nakuambia, ingawa ningeweza kulificha: nilivinunua kwa bei ya kuku nikaviuza kwa bei ya mjomba. Walioshangaa visu vimetoka wapi vingi namna ile niliwaambia mjomba ameongeza watu. Nikanunua pikipiki. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini nilidhani wanawasema wezi, na mimi nilijihesabu mfanyabiashara.

Miezi ikapita sijapanda Mnyambe. Niliogopa, ingawa nilijiambia nina kazi nyingi. Msimu uliofuata nikaona wateja wananipita mezani bila kusimama, wengine wananiamkia kwa mbali kama mtu mwenye upele. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mjomba. Nikasema nikachukue vile vya kweli, mambo yatakaa sawa.

Nikakuta vukuto limelala, majivu baridi. Mjomba ameketi kwenye banda lake, mbele yake ungo umejaa visu. Pembeni kwenye mkeka ameketi Mama Somoe wa Chilangala, mbebeshaji niliyemuuzia mwenyewe kwa mkono wangu. Kidole chake cha shahada kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba," akajibu, hakuinua macho.

Mama Somoe akanitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Baba, afadhali umekuja. Mwambie mjomba wako hao mafundi mlioongeza hawajui kazi. Kisu kilijikunja nikiwa nakata, kikanifungia kidole. Na miche niliyobebesha imekauka kitalu kizima, na nilikuwa nimeshachukua malipo ya watu."

Nikasema, "Pole, mama."

Mjomba alikuwa anakaza kisu cha yule mama. Akapiga msumari wa kiungo, akakunja, akakunjua, akasikiliza, vilevile kama zamani. Halafu akakiweka chini, akatia mkono mfukoni, akatoa kisu chake mwenyewe, kile alichokuwa akimenyea muhogo na machungwa miaka yote, akampa. "Hicho nimekikaza lakini makali yake hayatakaa, chuma hakina kitu. Tumia hiki, mama. Kikilegea, nirudishie." Yule mama akakipokea kwa mikono miwili, ule wenye kidole kilichofungwa kitambaa na ule mzima, akaaga akaondoka zake.

Tukabaki wawili. Akachukua kisu kingine kwenye ungo. Mimi nimesimama na kanzu yangu kwapani, na ujinga wangu ukanituma nizungumze.

"Mjomba, hivyo si vyako. Kwa nini unahangaika navyo?"

Akasimamisha nyundo. Nadhani mpaka pale alikuwa na tumaini kidogo kwamba nami nilidanganywa na mtu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu niliikata mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Najua si vyangu," akasema. "Nimejua tangu cha kwanza. Lakini vina alama yangu. Anayekuja hapa na vitone vitatu nimwambie nini? Kwamba nimeuzwa na mtoto wa dada yangu?"

"Mjomba—"

"Ulivinunua bei gani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu. "Rahisi kweli," akasema. "Sasa sikiliza. Kiangazi chote sijafua kisu hata kimoja. Vukuto unaliona. Kutwa nakaza hivi, nanoa hivi, kesho vinarudi tena. Mkaa sijanunua kwa sababu sina cha kununulia. Mke wangu anauza mihogo barabarani. Ile rahisi yako haikupotea, mpwa wangu. Ilipanda huku Mnyambe ikaja kukaa kwangu, nami nailipa kidogo kidogo. Na anailipa yule mama, kwa kidole chake."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, nami nimeshafukuzwa ukweni na nimeshashikwa na mgambo. Nilitamani anitukane, anipige hata kwa koleo. Nikapiga magoti kwenye majivu na suruali yangu ya kwenda mjini, nikalia, nikamwomba radhi.

"Kusamehe nimekusamehe," akasema. "Wewe ni damu ya dada yangu, nitafanyaje? Chukua tupa, kaa hapo."

Nikakaa. Nilikaa msimu mzima nakaza visu vyangu vibovu. Pikipiki niliiuza, nikarudisha fedha za miche ya Mama Somoe, na waliobaki nikawarudishia kadiri nilivyoweza kuwapata. Kidole chake hakikunyooka tena. Tulipokutana minadani alinisalimu vizuri tu, na kila mara alipopeana nami mkono nilikihisi kile kidole.

Mjomba alinifundisha kazi yote. Hakunificha kitu, mpaka kusikiliza kiungo alinifundisha. Watu wakasema nimetubu, nitairithi kazi yake, na ndivyo desturi ilivyo. Karibu na mwisho wake aliniita, akanigawia vukuto, nyundo, koleo, jiwe la kunolea, na magogo ya mpingo yaliyobaki. Nikangoja. Akajua ninangoja nini. Akasema, kwa upole, kama anayemnyima mtoto kitu kitakachomkata, "Alama sikupi. Hiyo naondoka nayo."

Umewahi kuniuliza kwa nini visu vyangu havina alama wakati vya wahunzi wengine vinazo. Nilikujibu kwamba si lazima. Wateja nawajibu hivyohivyo. Leo umesikia kweli, na wewe ndiye wa kwanza kuisikia kutoka kwangu.

Kwa hiyo mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kuagiza nje. Nje kuna mafundi hodari, na hapa kwetu kuna wavivu, nimo mimi. Lakini unapolinganisha bei, usilinganishe siku ya kununua peke yake. Uliza kikilegea atakikaza nani, na kikimkata mtu ataulizwa nani. Kama kisu cha kwetu ni ghali, kaa ujue ghali hiyo imelipa nini kabla hujaiita upumbavu wa wazee. Ukiagiza, lipia kile kizuri, na umwambie mteja wazi kimetoka wapi, achague mwenyewe. Wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilikuwa miguu ya kibaya. Usiweke jina la mtu kwenye kitu asichokishika, hata akiwa mjomba wako, hata akiwa mimi baba yako. Jina jema hung'ara gizani. Lakini linapochafuka, anayelisafisha si lazima awe yule aliyelichafua.

Hizi zana utazirithi, nawe na wapwa zangu mtajua mtakavyogawana. Alama sina ya kukuachia. Tafuta yako, anza hata na kitone kimoja. Mungu akujalie mikono yenye subira na mdomo usiotangulia kazi. Akupe wateja wanaorudi kwa furaha, si kwa kilio. Na akuzeeshe salama, mpaka siku utakapomwita mtoto wako umkabidhi alama hiyo mkononi, bila kusita.