Wiki ya Mama Penina Baharini

Kah.

Hiyo ndiyo sauti aliyoikumbuka Anneth mwaka ule wote: goti la mama mkwe wake likilia alipoinuka kwenye kigoda. Sauti kavu na fupi, kama kijiti cha mti wa kahawa kinapovunjwa kuchochea moto. Aliisikia dukani kwake Kijenge akikata kitambaa cha mapazia. Aliisikia nyumbani Lemara akiwapakulia watoto chakula. Kila alipoisikia aliacha alichokuwa akifanya, kidogo tu, halafu akaendelea.

Mama mkwe huyo aliitwa Penina. Aliishi peke yake juu ya Makumira, pale migomba inapoanza kuupanda mlima na ukungu unapoanza kuushuka. Alikuwa Mmeru wa kahawa na ndizi, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya akina mama, na magoti yake yalikuwa yamechoka kabla yake. Juni na Julai, mlima unapojifunika na baridi ikahamia ndani ya kuta, alitembea kwa kushika vitu: kiti, mlango, shina la mgomba, bega la mjukuu.

Kwa ajili ya magoti hayo mwanawe Meshack alinunua wiki. Meshack aliongoza watalii mbugani, na mwaka mmoja kazi ilipokuwa nzuri alijiunga na klabu ya likizo yenye nyumba ufukweni, upande wa Tanga. Nyumba huinunui, unanunua wiki yako moja, ile ile kila mwaka, na wiki zilizobaki ni za watu wengine. Yao iliangukia Julai. Meshack mwenyewe hakuwahi kuifaidi, kwa kuwa Julai ndipo watalii wanapofurika. Walikwenda Anneth mkewe, watoto wao Nancy na Brian, na bibi yao.

Mama Penina alipoelezwa mara ya kwanza hakuhitaji maneno mengi.

"Ni kama zamu ya mfereji," alisema. "Maji ni ya wote, ila Alhamisi ni yangu."

"Hivyo hivyo, Mama," alisema Meshack.

"Na mtu akitaka kubadilishana?"

"Inawezekana."

"Hata sisi hubadilishana. Mnasimama wote wawili pale maji yanapochepushwa, mnasemezana, mmoja anafunga na mwingine anafungua. Hakuna anayefunga peke yake."

Kule baharini aliingia na kitenge chake, polepole, mpaka maji yamfike kiunoni, kisha akakaa juu ya mchanga kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Maji yalikuwa na uvuguvugu wa maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Alikaa humo asubuhi nzima akiimba sauti ya pili bila ya kwanza. Ikifika katikati ya wiki alikuwa akiinuka bila kushika kitu. Alirudi mlimani na chupa ya maji ya bahari, na majirani walikuja kuyaonja, wakatema, wakaomba tena.

Watoto wakakua. Nancy aliingia sekondari, na wenzake walikuwa na habari za kusimulia shule zinapofunguliwa.

"Sisi kila mwaka mchanga," alimwambia mama yake. "Mchanga na Bibi akiimba."

Brian hakulalamika. Alimwonyesha tu mama yake, kwenye simu, treni inayopanda angani na kupinduka na watu ndani yake.

Mwezi wa Mei dada mmoja wa ile klabu, Catherine, alipiga simu dukani.

"Mama Nancy, wiki yenu mnaiweka kwetu, anaichukua mwanachama mwingine. Nyie mnapata hoteli yenye bustani ya michezo, Afrika Kusini. Treni za kupinduka, mabwawa ya kuteleza. Watoto watakusifu mpaka uzeeni."

"Na chumba?"

"Cha watu watatu."

Anneth aliinua macho. Mlangoni mteja alikuwa akipapasa pazia kama mtu anayepima nywele za mtoto. Angeweza kusema, tuko wanne. Angeweza kuuliza kama kipo chumba kikubwa zaidi. Hakuuliza. Alikuwa amechoka, na neno hilo hakuwahi kumwambia mtu. Alichoka kumshika mama mkwe kwenye ngazi za basi, kumkanda magoti jioni wakati wanawake wengine wametandaza miguu yao barazani, kujibu "naam, Mama" wiki nzima. Alitaka mara moja tu awe mama wa watoto wake, asiwe mkwe wa mtu.

"Haya," alisema. "Badilisha."

Meshack, simu yake ikikatikakatika kutoka mbugani, aliambiwa kwamba Mama amesema mwaka huu anapumzika. Kwa Mama ilibidi litafutwe neno jingine.

Anneth alipanda Makumira Jumamosi. Mama Penina alikuwa jikoni akimenya ndizi, vidole vyake vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nyie Wachagga siku hizi hamli, mnauza tu."

"Tunakula, Mama."

"Kaa. Loshoro ipo."

Anneth alikula ile loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, ili mdomo uwe na kazi nyingine. Bakuli lilipoisha akasema nyumba ya baharini imeharibika. Paa limeanguka. Mafundi wameingia. Klabu imewapa mahali pengine, mbali, kwa ndege, chumba kidogo, mambo ya kukimbiakimbia.

"Paa lote?"

"Sehemu kubwa."

"Na wale wenye wiki iliyotangulia, walikuwa ndani?"

"Hapana, Mama. Hakuna aliyeumia."

"Bwana asifiwe." Kisu kikaendelea na ndizi. "Chumvi ile inakula mabati. Yule mlinzi nilimwambia, pakeni rangi, akanicheka. Sasa anamcheka nani?"

"Ndiyo hivyo, Mama."

"Basi nendeni. Watoto waone dunia. Haya magoti yatavumilia, hawana kazi nyingine." Akacheka mwenyewe kwa kuyaita magoti kama watu. Kisha akainuka, na goti likalia, akaenda uani kuwatafutia ndizi mbivu za njiani.

Safari ilikuwa kama Catherine alivyosema. Treni ilipanda ikapinduka. Nancy alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Brian alishuka akipepesuka, akaomba apande tena. Anneth aliwashikia mabegi na viatu. Alijiambia afurahi, na kwa muda aliweza. Alikula aiskrimu, akapigwa picha na mtu aliyevaa kichwa cha simba, akalala bila kuamshwa na mtu.

Kisha wakaingia kwenye jengo la kioo walilokuwa wakilipita kila siku. Ndani yake mlikuwa na bwawa lisilo na kelele. Maji yalifuka mvuke. Pembeni, juu ya ngazi pana zilizojengwa ndani ya maji, walikaa wazee, wanawake kwa wanaume, maji yakiwafika kiunoni, wamefumba macho. Bibi mmoja alikuwa akijikanda goti polepole kwa viganja viwili.

"Mama," alisema Nancy, "Bibi angepapenda hapa."

"Chumba kilikuwa kidogo."

"Mimi na Brian tungelala chini."

"Ameshazoea bahari."

Nancy alimtazama mama yake, kisha akavua viatu, akaenda kukaa kwenye ngazi karibu na wale wazee, akatia miguu majini. Ndiye aliyekuwa amechoshwa na Bibi akiimba. Anneth alibaki mlangoni na mabegi. Alikuwa amejiandalia visingizio vingi nyumbani, na mahali penyewe pakavikataa kimoja kimoja.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, alipanda na watoto Makumira kusali na Mama Penina. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na waumini waliimba wakitoa moshi midomoni. Baada ya ibada watu walisimama nje kwa mnada, maana pale asiye na fedha hutoa alicho nacho: mkungu wa ndizi, mayai, debe la maharage. Mazao hunadiwa, na anayenunua akipenda humzawadia mtu mwingine, hata aliyeyatoa. Mnadishaji alikuwa Mzee Eliasi, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye koti refu.

Aliinua jogoo mwekundu.

"Huyu ni wa Mama Penina. Amemtoa kwa kushukuru wiki zake za baharini, na kuwaombea mafundi wanaoezeka ile nyumba iliyoanguka paa. Mimi bahari naiona kwenye kalenda tu, lakini jogoo namwona. Nani ananianzishia?"

Mama Penina, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la mbele, aligeuka akamtabasamia Anneth.

"Jogoo mwenyewe ana magoti mabovu," alisema Loishiye, jirani asiyeweza kukaa kimya. "Mwangalieni miguu."

"Nunua kwanza, Loishiye, ndipo umpeleke hospitali."

Watu wakacheka. Loishiye akataja bei ndogo. Anneth akanyoosha mkono akataja kubwa. Hakuna aliyetaka kushindana na mtu wa mjini. Anneth akanyoosha mkono tena, akapandisha.

"Mama Nancy," aliuliza Mzee Eliasi kwa upole, "sasa unashindana na nani?"

Kicheko kilienea mpaka kwa watoto waliokaa juu ya ukuta. Anneth naye alicheka, na machozi yakamtoka, na watu wakadhani ni ya kicheko.

"Namrudishia Mama," alisema alipokabidhiwa jogoo.

Vigelegele vikapigwa. Mama Penina aliinuka kwa kushika benchi, akaja kumkumbatia mbele ya watu wote, kichwa chake kikifika chini ya kidevu cha Anneth. "Huyu simwiti mkwe," aliwaambia. "Wakwe ni wenu, huyu ni mwanangu." Wanawake wa kwaya walimshika Anneth mkono mmoja baada ya mwingine. Mikono yao ilikuwa baridi na yenye nguvu, na kila mmoja ulimuumiza kwa namna yake.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mashambani. Brian na Nancy walitangulia wakigombania kumbeba jogoo. Mama Penina alikuja nyuma, mkono wake juu ya bega la Anneth, akisimama kila baada ya kipande kifupi cha njia kungoja maumivu yapite.

"Leo nimefunga, mwanangu," alisema kwenye kimojawapo cha vituo hivyo.

"Umefunga nini, Mama?"

"Mambo ya bahari. Uliponiambia paa limeanguka nilikaa nikafikiri. Mtu wa mlimani amekalia maji ya watu kila Julai kama malkia, mpaka nyumba yenyewe imechoka. Nikasema hii ni sauti. Nimeiombea, na moyo umekubali. Jogoo alikuwa wa kushukuru, na wa kuaga."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema bila huzuni. Nimekaa humo vya kutosha. Mama yako kule Machame, magoti yake yakoje?"

"Yanamsumbua kidogo."

"Basi nafasi yangu mpe yeye. Meshack akitoka mbugani nitamwambia mwenyewe."

Akaanza kutembea tena. Anneth alitembea chini ya uzito wa mkono ule. Hakutakiwa kufanya lolote. Angenyamaza tu mpaka nyumbani, na alichokuwa amekitaka moyoni mwezi wa Mei kingekuwa chake, kwa baraka na kwa vigelegele: asingemshika tena mtu kwenye ngazi za basi. Mlango ulikuwa umefunguliwa na yule yule aliyekuwa amefungiwa nje. Na Mama Penina angekaa baridini Julai zote zilizobaki, akiamini kuwa ni Mungu aliyemwambia inatosha.

Mbele, watoto walikuwa wamepotea kwenye kona. Ukungu ulipita kati ya migomba. Mama Penina alisimama tena, akauma mdomo, akatikisa kichwa kumwonyesha kuwa si kitu.

Anneth aliuchukua ule mkono begani kwake, akaushika kwa mikono yake miwili. Alifungua mdomo, akaufunga. Mama Penina akamsogezea sikio, akidhani amesema asisikie.

"Paa halikuanguka, Mama," alisema Anneth, kwa sauti ambayo hata migomba haikuisikia. "Nyumba ni nzima. Wiki yako niliitoa mimi."