Mtamba Niliyekataa Kumweka Mezani

Nakumbuka Jumamosi moja kule Malinya, mwanangu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nami nikiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika ambazo nilizichana kila asubuhi. Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana nilikuona umekaa na simu, unacheza hiyo poka na watu usiowajua hata kwao, uso unakunjamana na kukunjuka. Usiifiche, sijaja kukunyang'anya. Poka mimi naijua, tena naijua kuliko mama yako anavyodhani.

Siku hizo nilikaa kwa Mjomba Liseche, kaka wa mama yangu. Asubuhi nilichimba dhahabu mtoni, jioni nikamsaidia shambani. Mjomba alijivunia vitu viwili duniani: suruali ya kaki aliyoipiga pasi mwenyewe, na fahali wa kupigana aitwaye Radi. Mimi nilikuwa na kimoja tu, mtamba mwekundu niliyemnunua kwa jasho la mto. Huyo alikuwa amekwisha kuahidiwa. Ndiye angekwenda Musanda kwa kina Fanisi, ambaye leo wewe unamwita mama. Babu yako, baba yake Fanisi, alikuwa amesema bila ng'ombe wa mahari hakuna mazungumzo, na kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye baiskeli mpya aliyependa sana kupitapita pale nyumbani kwao.

Karata tulizicheza sisi wachimbaji baada ya kazi, juu ya gunia. Binamu yangu aliyewahi kupika jeshini ndiye aliyetufundisha. Tulichezea njiti za kiberiti, na aliyeishiwa njiti alinunua chai na mandazi. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo, nasi mikono yetu ilifika hapo. Nilikuwa hodari, wala sijisifu. Nilitulia, nikawasoma wenzangu mmoja mmoja, kwa sababu mandazi hayamtoi mtu jasho. Mama yangu, mwanamke wa kanisa kabisa, aliziita karata Biblia ya shetani, kwa hiyo yeye nilimwambia tunacheza drafti. Mungu amrehemu, nadhani alijua.

Basi asubuhi ya Jumamosi hiyo tulimpeleka Radi uwanjani kwa ngoma za isukuti, tukikimbia na kuimba mbele yake na nyuma yake kama ilivyo desturi. Akakutanishwa na fahali wa rika lake, akamsukuma mpaka mwenziwe akageuka na kutimua mbio. Uwanja ukalipuka. Mjomba alibebwa juu juu na kaki yake. Hapo ndipo tajiri mmoja akaleta fahali wake mkubwa, shingo kama mtungi, akasema Radi amalizane na huyu pia. Mjomba akakataa. Ngoma zikageuka papo hapo, na wanawake wakamtungia wimbo kwamba Liseche ana suruali nzuri lakini ndani yake hamna mwanamume.

Damu ilinichemka. Nikashika kamba. "Mjomba, tumwachilie!"

Yeye hakumtazama fahali mkubwa, wala waimbaji. Macho yake yote yalikuwa kwenye miguu ya nyuma ya Radi. "Miguu inatetemeka," akasema. "Twende nyumbani."

"Lakini wanakuimba!"

"Wacha waimbe, mwihwa," akanijibu. Ndivyo Waluhya tunavyomwita mtoto wa dada. "Mimi sipelekangi ng'ombe juu ya wimbo. Ngoma haina pembe. Yule atadungwa ni Radi, na yule atalia ni mimi."

Tukaondoka, watoto wakitufuata na wimbo mpaka barabarani. Nilimwonea mjomba haya kubwa. Chakula kilipoiva nilikataa kula naye, nikaiacha obusuma yangu, ugali wetu ule, ipoe, nikaenda kwenye gunia letu nikiwa bado nimevimba.

Nilimkuta Sospeter, wakala aliyekuwa akinunua dhahabu yetu, amekaa mahali pangu. Tukagawiwa karata. Nilipozifungua zangu, mwanangu, niliona wafalme watatu wamepangana kama wazee wa baraza. Nikasukuma njiti zangu. Sospeter akatoa ufunguo wa pikipiki yake, akauweka juu ya gunia.

"Hizi njiti ni za watoto," akasema. "Mimi naweka hii. Wewe si uko na mtamba?"

Watu wakakusanyika. Mmoja akaanza kupiga makofi kwa mdundo ule ule wa asubuhi, wengine wakaitikia, "Weka! Weka!" Mwingine akacheka: "Hataweka. Hiyo ni damu ya Liseche, hawa wanatorokanga!" Maneno hayo yalinichoma. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari kusema naweka.

Nikaangalia chini. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka. Nilikuwa nimeacha kumsoma Sospeter kitambo, hata karata nilikuwa sizioni vizuri. Nilichokiona ni pikipiki, nami juu yake, naingia Musanda, yule mwalimu anakula vumbi langu. Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nikaziweka karata chini nikasema, "Mimi nimetoka."

Sospeter akacheka, akafunua zake. Alikuwa na saba mbili na takataka. Pikipiki ingekuwa yangu.

Sikumbuki niliinukaje. Nilimkuta mjomba anampangusa Radi kwa majani, nikammwagia yote, hasira na machozi pamoja. Alicheka mpaka akakaa chini na kaki yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya kamwe.

"Kumbe ungeshinda!"

"Ningeshinda, mjomba!"

"Hata Radi pengine angeshinda. Mimi sijui. Na wewe ukiweka chini ulikuwa haujui. Ulifanya vizuri na ile ulikuwa unajua." Kisha akanitazama sawasawa. "Sasa niambie. Ungepata hiyo pikipiki leo, Jumamosi ingine ungeweka nini?"

Nilijua ningeweka vyote viwili, pikipiki na mtamba, tena bila kuimbiwa. Hasira ikaniisha pale pale, nikaingia ndani nikala obusuma yangu ikiwa baridi, na ilikuwa tamu.

Mtamba alikwenda Musanda. Tangu hapo nimecheza karata miaka na miaka, na sijawahi kushinda kitu kikubwa kuliko sahani ya mandazi, wala sijawahi kulala na njaa kwa sababu ya karata. Mama yako yuko jikoni anaimba. Sijui ningetaka nini zaidi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Simu haina njiti, na haina binamu wa kukuambia chai imepoa. Bandu bandu huisha gogo. Kipimo chako cha pesa kikate ukiwa umeshiba na umetulia, kabla hujaigusa, kiwe kiasi ambacho kikienda utacheka na kulala. Karo na kodi visiikaribie hiyo meza hata siku moja. Kaa kwenye meza ya rika lako, hata wakikutumia vicheko na maneno ya kukuchokoza, maana usiache mbachao kwa msala upitao. Ukicheza, cheza tu, usiwe unagombana na mtu huku unashika karata. Magoti yakianza kutetemeka, inuka, hata kama umewashika wafalme. Na ukishainuka usijiulize usiku kucha ungepata nini. Jiulize kama uliamua ukiwa na akili zako. Kama ndiyo, basi siku hiyo hukushindwa, hata karata zikisema vingine.

Mungu akupe moyo wa kubaki mtulivu watu wakipiga makofi, na miguu ya kuinuka mapema. Akupe mke atakayefurahi kukuona ukirudi mikono mitupu, na watoto ambao hutawahi kuwaweka juu ya meza ya mtu. Nimekubariki, mwanangu.